Mlinzi wa Dungu Ndani ya Mwili wa Mwanangu

Kwetu mtoto hali kwao tu, anakula pale njaa inapomkuta. Jioni ikiingia na wali umeiva, watoto wote waliokuwa wakicheza uani mwa nyumba ile wanaitwa, wananawa katika karai moja, wanazunguka sinia, na mwenye nyumba haulizi huyu ni wa nani wala yule ametoka wapi. Kuuliza ni aibu. Mtoto naye haulizi kilichopikwa, maana hilo ni utovu wa adabu mkubwa zaidi. Nilikulia hivyo Kulesa, kando ya mto, nikaolewa hapa karibu na kijiji cha Wema nikakuta ni vilevile, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka binti yangu alipovimba midomo kwa kipande cha samaki.

Si kwamba alianza kula samaki siku hiyo. Alikuwa akimla tangu alipoota meno, kwa sababu nyanya yake, mama mkwe wangu, kazi yake ni kukaanga kambare na kuwauza Garsen. Vidole vya mama huyo vinanukia samaki hata Jumapili kanisani. Basi mtoto akala kama kawaida, akaanza kujikuna shingo, mara midomo ikafura na sauti ikawa ya kukwaruza. Tukasema ameumwa na mdudu. Likapita. Liliporudi mara ya pili, na kutapika juu yake, nikambeba hadi hospitali. Daktari akauliza alikula nini leo na alikula nini siku ile nyingine, akamwangalia ulimi, akasema, "Mama, huyu ana mzio wa samaki. Aleji. Asimle tena, wala mchuzi wake asionje."

Nilipofika nyumbani na habari hiyo mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu.

"Samaki? Mtoto wa mto huu akatae samaki? Si bora waseme amekataa maji!"

Kisha akaacha kucheka akaanza kufikiri, na hapo ndipo hatari ilipoanza. Mama mkwe si mjinga. Aliwahi kuwaona vijana wanaoanza kazi ya kurina asali: mwaka wa kwanza nyuki wanawavimbisha uso mzima, mwaka wa pili kidogo, mwaka wa tatu hawajikuni hata. Akaona dawa ni hiyohiyo. Mtoto azoeshwe. Siku moja nikiwa shambani, akachota kijiko cha mchuzi wa kambare akakitia katika uji wa mchele, akakoroga vizuri, akampa.

Waliponiita nilikimbia na matope hadi magotini. Nilimkuta mwanangu ameketi ameinama mbele, midomo imebadilika rangi, kifuani filimbi inalia kila anapovuta pumzi. Jirani mmoja alikuwa anamnywesha maziwa kwa nguvu, kwa kuwa kwetu mtu akila kibaya hupewa maziwa, hata kama hewa yenyewe haipiti. Nilikipiga kikombe kile kikaruka. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, kijiko bado mkononi, anasema, "Kidogo tu. Nilimtilia kidogo tu, azoee." Hakuficha. Huo ndio ukweli wake, na siku ile sikutaka kuusikia.

Tulimweka kwenye pikipiki katikati yangu na dereva. Njia ilikuwa imeharibika kwa mvua, tukawa tunateleza huku na huku, na mimi namwambia mtoto sikioni, "Vuta, mama. Vuta tena." Hospitalini walimlaza, wakamchoma sindano ya paja hata kabla hatujaandikishwa. Nikaona rangi ikirudi usoni, polepole, kuanzia kwenye masikio. Nililia kwa sauti, bila haya, wagonjwa wengine wakageuka kunitazama.

Alipotulia nikamkamata daktari kabla hajapita. Nilimwambia, "Usiniambie tena asile. Hilo nimelisikia. Nieleze mwili wake unafanya nini ndani, hatua kwa hatua, mpaka nielewe. Mimi nina watu wengi wa kuwaeleza kuliko wewe ulivyo na wagonjwa." Alitaka kucheka, akaniona uso, akavuta kiti. Akanieleza kwa vidole na ngumi zake, na kila nilipokwama nilimrudisha nyuma. Sikuondoka mpaka nilipoweza kumweleza yeye.

Nyumbani kulikaliwa kikao. Mama mkwe ndiye aliyeanza kusema, na wala hakuzunguka. Alitaka mtoto apelekwe Bura, kwa shangazi yake anayelima katika skimu ya mashamba ya mifereji. Kule, alisema, nyumba ya shangazi haina mtu wa kukaanga samaki, watakula ugali na maharagwe, na mtoto ataishi. Mume wangu alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake. Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Niliona mwanamke huyu ameshindwa kumzoesha mtoto, sasa anataka kumwondoa machoni pake.

"Hapana," nikasema.

"Mama mtoto, tusikilizane," mume wangu akaanza.

"Nimesikiliza. Haendi. Nipeni mpaka mavuno. Nikishindwa, nitampeleka Bura mwenyewe kwa mkono wangu."

Nilisema hivyo kwa kiburi. Mpunga ulikuwa bado mchanga, lakini mpunga haukai mchanga.

Nilianza na watu wazima. Nikapita nyumba hadi nyumba, nikaeleza, nikapewa chai, nikaambiwa, "Ndiyo, mama, tumeelewa." Siku iliyofuata nikamsikia mmoja wao akimwita binti yangu: "Njoo basi, mwanangu, usikae mbali kama mgonjwa. Samaki nimeshamtoa, huu ni mchuzi mtupu." Niliruka uani kwa watu bila hata hodi. Walinishangaa. Yule mama hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na huruma, na huruma hiyo ndiyo ingemmaliza mtoto wangu. Nikajua watu wazima wamenishinda, si kwa ukaidi, kwa mapenzi.

Katika majuma yale palikuwa na mlango mmoja tu niliouamini. Ni wa mama mmoja wa Kiorma anayetuletea maziwa, anakaa upande wa pili wa malisho. Sisi wakulima na wao wafugaji tumeshapitia miaka ya ugomvi wa mashamba na mifugo, na wapo wa pande zote mbili ambao mpaka leo hawasalimiani. Lakini yeye aliposikia habari ya mtoto, alitua kibuyu chake chini akanambia, "Kwetu samaki hapana. Mama yangu hajakula, nyanya yangu hajakula, sufuria yangu haijui. Mtoto akuje kwangu, akule." Mtoto akaenda, akala ugali na maziwa bila mtu kumlinda. Nilishukuru sana. Hata hivyo nilipokwenda kumchukua jioni nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa uwanja anasikiliza wenzake upande wa huku wakiitana kula. Alinishika mkono tukaondoka.

Hapo nikakata shauri. Wanaozunguka sinia ni watoto. Basi nitawafundisha watoto.

Jumamosi nikachemsha mihogo, maana watoto hawaji kwa maneno matupu, nikawaita kwenye uwanja wa kupuria mpunga. Wakaja, na mdogo wa kila mmoja mgongoni. Binti yangu akajificha nyuma yangu, amejifunika leso usoni.

"Nani hapa amewahi kukaa dunguni?" nikauliza.

Mikono yote ikapanda. Dungu ni kile kichanja cha miti tunachokijenga katikati ya shamba. Mtoto hukaa juu yake na kombeo na madebe, anafukuza ndege wasimalize mpunga. Hakuna mtoto wa kwetu asiyeijua kazi hiyo, wala asiyeichukia.

"Sasa ndani ya mwili wa kila mmoja wenu kuna walinzi wa namna hiyo. Ni wadogo, jicho haliwaoni. Wako kwenye damu, chini ya ngozi, puani, kooni, tumboni, kwenye mapafu. Kazi yao ni kuangalia kila kinachoingia. Kijidudu cha ugonjwa kikiingia wanakipiga, na wakishakipiga wanaishika sura yake, ili kikirudi wakijue mara moja. Mlipochanjwa surua mkalia, walinzi wenu walikuwa wanaonyeshwa sura ya mwizi kabla mwizi hajafika."

"Na samaki ni mwizi?" akauliza binamu yake binti yangu, msichana mkubwa kidogo, mwenye mdomo.

"Samaki ni chakula. Mlinzi wako anamwona samaki akipita, anamwachia njia. Lakini mlinzi wa mwenzenu alikosea. Siku moja alimtazama samaki akasema, huyu ni adui. Kwa nini, hata daktari hajui vizuri. Siku hiyo hakupiga kelele. Alitengeneza askari wadogo, wanaitwa kingamwili, na askari hawa wanajua sura moja tu duniani, ya samaki. Wakaenda wakakaa juu ya seli zilizojaa vifuko, wakangoja."

"Ndiyo maana zamani alikuwa anamla na hamfanyi kitu," akasema binamu.

"Ndiyo hivyo. Samaki aliporudi, askari wakamdaka, na seli zikapasua vifuko vyao vyote kwa pamoja. Ndani ya vifuko kuna kitu kinaitwa histamini. Hiyo ndiyo kelele ya madebe. Ikimwagika kwenye ngozi, ngozi inawasha, inatoka vipele. Mishipa midogo ya damu inavuja maji, na hapo ndipo midomo inavimba. Tumboni, anatapika. Kwenye mapafu, njia za hewa zinabana, ndiyo ile filimbi mliyoisikia. Na ikienea mwili mzima, mishipa inalegea yote, damu inakosa nguvu ya kufika kichwani, na mtu anaanguka."

Walikuwa wameacha kutafuna. Nikaendelea kabla woga haujawaingia sana.

"Fikirini. Mtoto yuko dunguni, anamwona ndama wa jirani anapita kando ya shamba. Anapiga madebe, anapiga ukunga, wezi, wezi! Kijiji kizima kinakuja na marungu, kinaingia shambani, kinakimbia huku, kinakimbia huko. Jioni mpunga wote umelala chini. Nani ameuharibu?"

"Ndama!" akasema mmoja.

"Ndama hata hakuingia."

Wakatazamana. Yule binamu akasema polepole, "Sisi. Sisi wenyewe tuliokuja kusaidia."

Nilitaka kumkumbatia. Nikampa muhogo mkubwa.

Maswali yakamiminika. Inaambukiza? Haiambukizi, mlinzi wake ni wake, wako ni wako. Je, samaki akipikwa mpaka aive sana? Moto haumtoi, sura inabaki. Na kama ni kidogo kama tone? Mlinzi haulizi ukubwa. Kwa nini anakohoa akipita karibu na kikaango cha nyanya? Kwa sababu mvuke unambeba samaki hewani. Na mafuta yaliyokaangia samaki, ukakaangia viazi? Ni samaki yule yule amevaa viazi. Hapo walicheka. Mdogo mmoja akauliza kwa nini huyo mlinzi hachapwi akome. Nikamwambia wapo madaktari wa hospitali kubwa wanaojaribu kumfundisha, kwa kiasi cha punje, kwa muda mrefu, sindano ikiwa tayari pembeni. Nyumbani hafundishwi. Nikasema hivyo kwa sauti, nikijua mama mkwe yuko nyuma ya ukuta wa jikoni anasikia.

Kisha mmoja akamgeukia binti yangu mwenyewe. "Inauma?"

Leso ikashuka. "Haiumi," akasema. "Inabana. Ni kama shati la mtoto limekuvaa ndani ya shingo."

Wote wakashika shingo zao. Tangu siku ile hakuna aliyemtania.

Nikawafundisha dalili: midomo, vipele, kikohozi cha ghafla, sauti kubadilika, kutapika, kizunguzungu. Nikawafundisha la kufanya: mmoja apige kelele, mmoja akimbie kutafuta pikipiki, mtoto asitembezwe wala asinyweshwe kitu, hata maziwa. Akizimia alazwe na miguu iinuliwe. Pumzi ikimbana aachwe akae. Tukafanya kwa mchezo, kila mtu akafa na kufufuka mpaka jua likashuka. Na mwisho nikawafundisha lile gumu kuliko yote. Nikawaambia waulize. Wafikapo kwenye sinia la mtu, kabla hawajanyoosha mkono, waseme, "Leo kuna samaki? Mafuta ni ya nini? Upawa umetoka wapi?"

Lilinipatia maadui, hilo. Mama mmoja alikuja hadi kwangu, mikono kiunoni. "Umewafundisha watoto kukagua sufuria za watu! Sasa kula kwangu mpaka nihojiwe?"

"Ndiyo, dada," nikamwambia. "Uhojiwe."

Hakunisemesha kwa muda mrefu. Wengine walinipa kisogo kanisani. Mume wangu aliniomba nipunguze. Sikupunguza. Nilirudia masomo uwanjani kila nilipopata nafasi, kwa mihogo, kwa ndizi, mara nyingine kwa mikono mitupu, na mpunga nao ukawa unakomaa.

Mavuno yakafika. Mama mkwe akafanya karamu ya wali mpya, jamaa wakaja, na wageni wa kanisa. Shangazi wa Bura akaja pia, na nikaona amebeba begi tupu la nguo za mtoto. Nililielewa begi lile. Tulikuwa tumekubaliana sufuria mbili: maharagwe ya nazi ya watoto ncha moja ya uwanja, samaki wa wakubwa ncha nyingine. Mimi nilikuwa nachuja wali. Mama mkwe alikuwa anapakua, wageni wanamwita huku na huku, na katika haraka ile akakoroga samaki, akavuka uwanja, akawapakulia watoto maharagwe kwa upawa uleule.

Mimi sikuona. Wao waliona.

"Asile mtu!" ilikuwa sauti ya binamu.

Nilipogeuka, watoto wote walikuwa wamesimama wameliacha sinia. Wote, hata wale wadogo ambao njaa ilikuwa inawaliza. Binti yangu alikuwa katikati yao, tonge mkononi, karibu na mdomo. Akalirudisha chini.

Mzee mmoja mgeni akauliza, "Watoto gani hawa wanaokataa chakula cha mwenyeji?"

"Nyanya," akasema binamu, "upawa umetoka kwa samaki."

Mama mkwe aliutazama upawa. Mchuzi ulikuwa unadondoka miguuni pake. Nilingoja apige kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kujibu. Lakini alipofungua mdomo sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi ndiye niliyesema aende Bura," akasema, hata sijui alikuwa anamwambia nani. "Naogopa mkono huu. Nimelea watoto wote wa nyumba hii kwa mkono huu, na kwa huyu siuamini. Nilisema aende mbali nao."

Miezi yote ile nilimchukia mwanamke ambaye alikuwa anamwogopea mwanangu kuliko mimi.

Binti yangu akatoka katikati ya wenzake, akaenda akasimama mbele yake.

"Nyanya, nawa tu," akasema. "Halafu utupikie mengine. Tutangoja."

"Tutangoja," wakasema wengine. Shangazi wa Bura akalikunja lile begi tupu akalikalia.

Mama mkwe akaliendea karai. Akanawa, machozi yakimtiririka mbele ya wageni, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Kisha akanyoosha mikono ile, bado inachuruzika maji, na mtoto akanyoosha yake aishike.

"Bado," nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Mke hamwambii mama wa mumewe neno kama hilo, mbele ya jamaa, siku ya karamu yake. Nilimhurumia, lakini sikuinamisha macho.

"Mama, rudia. Kwa sabuni, na ndani ya kucha."

Alinitazama. Nilimtazama. Kisha akachukua sabuni, akachuchumaa tena kwenye karai, akarudia.